Viti vya Ngozi na Maji ya Kalemie

Mtu avukaye ziwa usiku kutoka Kigoma huiona alfajiri milima ya ng'ambo ikijitokeza polepole, kwanza kama wingu jeusi, kisha kama ukuta. Chini ya ukuta ule ndipo ulipo mji wa Kalemie. Hadi mwaka 1966 mji huu uliitwa Albertville. Leo ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli iliyomalizika mwaka 1915 yatoka hapa ufukoni kwenda Kabalo, kwenye mto Lualaba, na watu wengi wa mji huu walilelewa kwa mshahara wa reli na wa bandari.

Mimi nilifika huko nimelowa, pamoja na mkoba wa ngozi alioniachia marehemu baba yangu. Wimbi moja lilikuwa limeruka ubavu wa mashua na kuuloweka wote. Basi nilipokwisha kuonyeshwa chumba changu, niliutoa mkoba uani, nikautandaza juu ya bati katikati ya jua kali, nikajiona nimefanya jambo la akili.

Haukupita muda, mama mwenye nyumba, mjane mwenye mvi, akatoka jikoni. Alipouona mkoba alikuja mbio, akauondoa juu ya bati kama mtu aokoaye mtoto motoni.

"Baba, wataka kuuua?" akaniuliza. "Njoo kwanza uone, ndipo uanike."

Akanipeleka sebuleni. Palikuwa na viti vinne vya ngozi ya rangi ya kahawia, ambavyo mumewe alivinunua kimoja kimoja alipokuwa akifanya kazi relini. Viwili vilikuwa laini, vyang'aa kidogo, na mtu aketipo havilii. Viwili vingine vilikuwa vimepasuka-pasuka kama tope la bwawa lililokauka, na pamba yake yatoka nje. Vyote vinne ni vya fundi mmoja, na vyote viliingiliwa na maji siku moja.

Shurti nieleze maji hayo yalitoka wapi. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, uanziao hapa hapa karibu na mji. Mvua zikizidi, maji huingia mengi kuliko yale Lukuga iwezayo kuyatoa, na ziwa hupanda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, maji yalipoingia katika nyumba za ufukoni. Watoto wa mama yule walivibeba viti viwili hadi mahali pa juu, wakaviweka juani ili vikauke upesi. Viwili vilivyobaki vilipewa nafasi katika baraza ya jirani, penye kivuli na upepo.

"Wala sikujua lolote wakati ule," mama alisema. "Nililalamika kwamba jirani amenipa mahali pasipo jua. Kumbe alikuwa ameniokolea viti vya mume wangu."

Aliyemfumbulia jambo hilo ni fundi viatu mmoja wa sokoni. Kesho yake nilikwenda kwake na mkoba wangu, nami nawaletea hapa aliyonifundisha, pamoja na mengine niyajuayo.

Ngozi ni nyuzi nyembamba mno zilizosukana. Mtengenezaji huzizuia zisioze kwa dawa ya magome ya miti, kama vile miwati, au kwa chumvi za madini ya kromu. Kisha huzitia mafuta ili ziteleze moja juu ya nyingine. Ngozi iliyolowa ikipata joto la ghafula, nyuzi hushikamana na kujikunja, na mafuta huiacha. Ndipo huwa ngumu kama ubao, na ukiikunja hupasuka. Ngozi iliyopasuka hivyo hairudi tena, hata uipake nini.

Kuna na adui wa pili. Ngozi nyingi zina asili ya uchachu kidogo, lakini maji ya ziwa hili yana asili ya magadi, na sabuni ya kufulia ina magadi makali zaidi. Kwa hiyo anayechukua ndoo ya maji ya ziwa na kipande cha sabuni, akasugua kiti chake kwa bidii, anakiharibu kwa bidii.

Basi tufanyeje?

Kwanza, ngozi ikilowa, ifute kwa kitambaa kikavu bila kusugua, uiweke kivulini penye upepo, mbali na jua, bati na moto. Viatu na mikoba ijazwe matambara au magazeti makavu, nayo yabadilishwe yakishika maji. Kama maji yaliyoiingia ni ya ziwa, ipanguse kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo katika maji safi ya mvua. Kukauka kutachukua siku kadhaa. Ngoja.

Pili, kwa usafi wa kila juma, yatosha kufuta vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Panapo uchafu ulioganda, tumia maji ya mvua na tone la sabuni laini ya kuogea. Futa, halafu pangusa tena kwa kitambaa chenye maji matupu.

Tatu, tangu Oktoba hadi Aprili, wakati wa mvua, kagua kila kitu cha ngozi mara kwa mara, kwani koga huota penye unyevu na hewa isiyotembea. Usikisogeze kiti ukutani; acha nafasi ya vidole vinne. Usifunge viatu katika mfuko wa nailoni. Koga likionekana, peleka kitu nje kabla ya kulipangusa, ili mbegu zake zisitawanyike nyumbani. Kisha futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana.

Nne, katika kiangazi, kusi livumapo toka ziwani na vumbi lizidipo, ngozi hukauka mno; huo ndio wakati wa kuipa mafuta. Wengi hapa hutumia mawese kwa kuwa yako karibu. Yafaa kwa chakula. Kwa ngozi hayafai. Huacha madoa mekundu, huchacha, na huwavuta siafu na koga. Bora ni mafuta ya miguu ya ng'ombe: ichemshe miguu polepole, iache ipoe, uyaengue mafuta yaliyoelea juu. Chukua sehemu mbili za mafuta hayo na sehemu moja ya nta ya nyuki, uviyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe. Paka kidogo sana, uache usiku mzima, kisha futa kwa kitambaa. Mara mbili kwa mwaka yatosha. Lakini ngozi yenye manyoya mafupi laini isipakwe mafuta asilani. Hiyo hupigwa brashi kavu tu.

Fundi alipomaliza kuutazama mkoba wangu, alinionyesha pembe moja iliyoguswa na bati kwa dakika zile chache. Ilikuwa imekwisha kujikunja, na hata leo haijanyooka. Sehemu nyingine zote zilipona.

Niliporudi kuaga, nilimkuta mama yule anafuta vile viti viwili vizima. Binti yake ataolewa mwakani, naye atakwenda na kimoja. Nilimwuliza kwa nini havitupi vile vilivyopasuka, maana vinachukua nafasi.

"Watoto walitaka kunisaidia," akajibu. "Wakiviona, watakumbuka kuuliza kwanza."