Staa Aliahidi Milioni Tano kwa Ajili ya Midoli, Tukabaki na Picha

Wadau, jina sitaji. Mkikisia kwenye komenti sitajibu, hata mkipatia. Ninachotaka kuwasimulia ni jinsi ahadi moja ya hela ilivyotaka kutufungia mlango, na kwa nini kuchangisha hela ya midoli ni kazi ngumu kuliko kuchangisha hela ya harusi.

Kwa wasiojua, mimi na wenzangu nane tunaendesha maktaba ya midoli Tandika. Ni chumba kimoja tu, mabenchi mawili na mashelfu ya mbao. Mtoto anakuja na mzazi, anachagua gari, mdoli, tofali za plastiki au picha za kuunganisha, anaandikiwa kwenye daftari, anaenda nazo nyumbani wiki mbili, anarudisha. Kama maktaba ya vitabu tu. Tunafungua Jumatano jioni na Jumamosi. Hakuna anayelipwa. Kazi kubwa, kusema ukweli, siyo kucheza na watoto. Ni kuhesabu vipande. Mfuko ulitoka na vipande 48, umerudi na 47, unaanza kupiga simu.

Jambo lenyewe halikuanzia kwetu wala siyo jipya. Los Angeles walianza kuazimisha midoli mwaka 1935, wakati uchumi wao umeanguka na wazazi hawana hata hela ya chakula. Leo kuna mtandao wa maktaba hizi duniani, na hata siku yake ipo, tarehe 28 Mei. Sisi huwa tunaiadhimisha kwa juisi ya ukwaju.

Sasa hela. Kodi ya chumba ni elfu 60 kwa mwezi, na baba mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani laki tatu na sitini. Familia 31 zilikuwa zinalipa ada ya elfu mbili kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: 62,000. Inatosha kodi na inabaki ya sabuni ya kuoshea midoli. Sabuni siyo utani, mtoto wa mwaka mmoja kila kitu anakipeleka mdomoni.

Midoli yenyewe tunanunua mitumba. Na hapa ndipo wafadhili wanapotushinda. Kuna shirika moja la nje tuliliomba ruzuku ndogo. Fomu yao ilikuwa kurasa 22 za Kiingereza. Tukajaza. Katiba ya kikundi ipo, usajili wa halmashauri upo, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na waweka saini watatu ipo. Wakatuita kwenye mazungumzo, tukafurahi kama tumeshinda bahati nasibu. Kumbe wao wanalipia midoli mipya tu. Kodi hawalipi. Mashelfu hawalipi. Nauli za wanaojitolea ndo usiseme. Na kila kitu kiwe na risiti ya EFD. Wewe niambie, muuza mitumba wa Tandika anayemwaga midoli kwenye turubai atatoa EFD kutoka wapi? Anakukatia kikaratasi, na hicho mpaka umbembeleze.

Kwa hiyo hesabu yao inakuja hivi: ukanunue gari la plastiki jipya Kariakoo kwa bei mara tatu, lenye risiti safi, litakalovunjika ndani ya wiki mbili, badala ya gari la mtumba lililoshapigwa na watoto wa Ulaya miaka mitano na bado linadunda. Tukashukuru, tukaondoka. Wafadhili wengi wanapenda kitu cha kupiga picha. Kodi haipigiki picha.

Usiku nikawa napitia wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje. New Zealand maktaba hizi zipo mpaka miji midogo, na wengi wanaoziendesha wanajitolea kama sisi. Kule sheria inataka angalau asilimia 40 ya mapato ya mashine za kamari zilizopo kwenye mabaa yarudi kwa jamii kama ruzuku. Maktaba ya midoli ni mmoja wa waombaji. Yaani hela ya dubwi inanunua midoli! Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza, kwa sababu pale kona ya kwetu kuna dubwi, na nimeona mtoto wa darasa la nne akitumbukiza sarafu aliyotumwa nayo dukani. Sijui ningeipokea hela hiyo kwa uso gani. Ila ningeipokea.

Hapa kwetu kuna ile asilimia 10 ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Watu wengi wanatuambia "si mkachukue ile". Jamani, ule ni mkopo. Hauna riba sawa, lakini unarudishwa, na unarudishwa kwa faida ya biashara. Sisi tunauza nini?

Tukaamua kutumia mbinu ya Kibongo. Tukaunda kamati kama ya harusi. Mwenyekiti ni mama mmoja mstaafu tunayemwita Shangazi, mweka hazina ni kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kukosea hata mia. Tukachapisha kadi za ahadi, tukafungua grupu la WhatsApp, kila jioni orodha inapandishwa: jina, ahadi, keshi. Mbongo atakupa laki kwa ajili ya ukumbi na keki ya bwana harusi asiyemjua vizuri, ila ukimwambia midoli anakuuliza "ya nini tena?" Hata hivyo tulipata. Kidogo kidogo, elfu tano, elfu kumi.

Ndipo akatokea staa.

Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Mnajua siku hizi mastaa wakizaliwa wanaenda kwa watoto na soda na biskuti. Meneja wake alituona mtandaoni, akapiga simu, Jumamosi wakaja magari matatu, kamera mbili na hundi kubwa ya kadibodi. Milioni tano. Watoto wakaimba, yeye akalia machozi kidogo, mwanga ukiwa upande mzuri. Sitamdharau, alikaa chini kwenye mkeka na kucheza na watoto zaidi ya saa nzima, na walimpenda. Nadhani ile saa moja ilikuwa ya kweli.

Hela haikuja. Wiki ya kwanza meneja anasema benki. Wiki ya tatu anasema staa yuko safari. Mwezi wa pili simu inaita tu.

Kutolipwa tungekuvumilia, wadau, tumezoea. Balaa ni kwamba posti ile iliangaliwa na mtaa mzima. Mwezi uliofuata, kati ya familia 31, ni 11 tu zilizoleta ada. Mama mmoja aliniambia usoni, "Mwanangu, mna milioni tano halafu mnataka elfu mbili yangu?" Waliotuahidi kwenye kadi wakaacha kuleta. Kuna jirani aliuliza kama na mimi nimeshanunua kiwanja. Ahadi ya milioni tano ilitula hela tuliyokuwa nayo mkononi. Na kodi ya miezi sita ilikuwa inaisha.

Kwenye kikao vijana wakasema tumlipue mtandaoni. Shangazi akakataa: watoto wako kwenye zile picha, ukianzisha vita sura zao ndo zitazunguka. Tukakubaliana tumtumie meneja kumbusho la ahadi kama anavyotumiwa mjumbe yeyote wa kamati ya harusi, kwa heshima, na tarehe ya mwisho.

Akajibu kumbe anasoma. Akasema watatoa laki tano, ila tuwarekodie video ya shukrani kwa milioni tano na tusaini risiti ya milioni tano, "kwa ajili ya mambo ya ofisi".

Tulipiga kura. Watatu tulitaka ichukuliwe, na mimi nilikuwa mmoja wao. Laki tano inalipa kodi na chenji inabaki. Sita walikataa, na aliyewashawishi ni mweka hazina. Hakuhubiri chochote. Alisema tu: "Saini ni yangu. Siku wakija kuuliza milioni nne na nusu ziko wapi, nitakayebebwa ni mimi, nyie mtaniletea chakula." Hapo hata mimi nikakosa la kusema.

Siku hiyo hiyo Shangazi akachukua karatasi na maka pen, akaandika hesabu zote za mwaka na kuzibandika mlangoni. Ada, michango, sabuni, kodi. Mstari wa tano ulisomeka: Ahadi ya mgeni wa heshima, 5,000,000. Iliyopokelewa, 0. Jina hakuandika.

Watu walisimama kusoma kuliko wanavyosoma mbao za matokeo. Yule mama wa kiwanja... hapana, yule wa elfu mbili, alirudi na elfu nne. Mwezi huo zikalipa familia 26. Baba mwenye nyumba naye alisoma, akakuna kichwa, akakubali ya miezi mitatu kwanza.

Wiki iliyopita meneja kapiga tena. Kuna mtu kaipiga picha ile karatasi ikamfikia, akawa anaomba tuibandue. Shangazi akamwambia hakuna shida kabisa, huwa tunabandika mpya kila hela inapoingia.