Lango la Nalukolongo

Neno "Bakateyamba" si la Kiswahili, lakini wewe unayejifunza Kiswahili hutahitaji mkalimani ili kulielewa. Kiambishi ba- cha Kiganda ni ndugu wa wa- yetu, na kuyamba ni kusaidia. Bakateyamba, basi, ni wale wasioweza kujisaidia. Ndilo jina la makao yaliyoko Nalukolongo, hapa Kampala, ambayo Kadinali Emmanuel Nsubuga aliyaanzisha mwaka 1978 na Papa Fransisko akayatembelea Novemba 2015. Humo masista hutunza wazee na walemavu wasio na jamaa wa kuwatunza.

Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wangu huko, kila mmoja na sabuni au kilo ya sukari. Mara moja tuliwakuta maharusi wakishusha vyakula vya sherehe yao, wangali na maua vifuani. Mzee mmoja, aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi relini enzi za Jumuiya ya zamani, alinisikiliza kwa muda kisha akasema, "Mwalimu, Kiswahili chako kimevaa tai." Wanafunzi walicheka hadi tulipofika barabarani.

Ikaja Machi 2020. Tarehe 20 shule zilifungwa. Kesho yake akathibitishwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 25 usafiri wa umma ukapigwa marufuku. Mwisho wa mwezi hata magari ya binafsi yalizuiwa, na kafyu ikaanza saa moja jioni. Sina lawama kwa kufungwa kwa malango ya wazee. Huko Italia, Uhispania na Uingereza ugonjwa uliingia katika nyumba za namna hiyo na kuua wengi mno. Lakini lango linalomzuia mgonjwa humzuia pia mwenye gunia la maharagwe. Naye Rais alikuwa amewaonya wanasiasa wasigawe chakula kwa kukusanya watu, onyo lenye busara yake, ingawa kwa mwenye kuishi kwa mkono wa mwenziwe lilikuwa zito.

Wiki chache baadaye nilizungumza na yule mzee kwa simu ya kuazima. Hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza kama harusi zimeruhusiwa. Nikamwambia zimeruhusiwa, ila watu wasizidi kumi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumi watakula wote wamalize."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Aprili ile serikali iligawa chakula Kampala na Wakiso, kilo sita za unga na kilo tatu za maharagwe kwa kila mtu, kwa kuwakusudia hasa waliopoteza kipato cha siku. Mzee wa makaoni hakupoteza kipato cha siku, kwa kuwa hakuwa nacho. Alichopoteza ni wageni, na hakuna daftari la serikali linaloandika upotevu wa wageni.

Hapa nataka utazame maneno mawili, sadaka na haki. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, na katika sahani ya ugali hayatofautiani hata kidogo. Hutofautiana lango linapofungwa: mwenye sadaka hurudi kwake, mwenye wajibu hutafuta njia nyingine ya kuingia. Katiba yetu ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka dola ifanye maandalizi yafaayo kwa ustawi na matunzo ya wazee. Sheria ya mwaka 2013 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80. Kati ya hesabu hizo mbili kuna miaka ishirini ambayo mtu ni mzee kwa sheria na bado si mzee kwa ruzuku.

Mzee wangu wa relini alikuwa na miaka 74.