Kijana wa Kouroussa na ndoo ya maji



Mara nyingi kapita anaandika hapa juu ya kengele, usafi wa dortwari na mistari ya kuingia darasani. Leo tunaomba ruhusa tuandike juu ya kitabu. Kinaitwa L'Enfant noir. Mwandishi ni Camara Laye wa Guinea, na kilitoka Paris mwaka 1953. Tulikikuta ku bibliotheki yetu, hakina tena jalada. Tulikichukua juu ya kazi ya Kifaransa tu, lakini tulikisoma mpaka taa ikazimika, na kesho yake tukaendelea.

Ni habari ya maisha yake mwenyewe. Baba yake ni mfua vyuma na dhahabu katika mji wa Kouroussa. Alipopata miaka 15 alipanda treni kwenda Conakry, mwendo wa kilometa karibu 600, kujifunza ufundi. Mama alilia. Pale Conakry watu wanasema Kisusu, yeye hasikii vizuri. Anaye baba yake mdogo tu, Mamadou, wa kumupokea. Masomo ya mwaka wa kwanza yanamuvunja moyo, tena anaugua, analala siku nyingi ku hospitali. Kuna binti, Marie, anamupenda sana, lakini kumwambia hawezi. Haya inamufunga kinywa.

Tulipofika hapo tulifunga kitabu kidogo. Ndugu, sisi pia tulifika hapa na sanduku ya bati na haya nyingi. Juma la kwanza hatukusema neno ku meza. Tulikuwa tunangoja wengine wamalize kunawa, ndipo tunawe na maji yaliyobaki. Usiku tulilia chini ya bulangeti, polepole, wasitusikie. Habari hiyo hatukumwambia mtu hata siku moja. Na kumbe mtu wa Guinea, aliyekufa Dakar mwaka 1980, miaka mingi mbele ya kuzaliwa kwetu, aliijua.

Lakini kuna pahali pengine palipotuuma. Mbele ya Conakry, ku masomo ya Kouroussa, wanafunzi wakubwa wanatesa wadogo. Wanawafagisha kiwanja, wanawapiga, wanawanyanganya chakula. Mpaka mdogo mmoja, rafiki yake Kouyaté, anachoka, anamwambia baba yake. Tulisoma hapo tukicheka, maana tulifurahi kuona wadogo wanapata mtu wa kuwatetea. Kisha kicheko kikakauka. Katika habari ile sisi hatukuwa tena Kouyaté. Tulikuwa wale wakubwa.

Mwanzo wa mwaka huu wa masomo alikuja kijana mmoja wa darasa la chini, mfupi, mwenye sauti ndogo sana. Tulimwambia: "Weye bleu, kwenda utuletee maji!" Akaenda. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa, juma tatu. Siku moja alichelewa, tukamufukuza ku meza, akalala njaa. Hakuna aliyetulaumu. Wenzetu walisema: "Ni desturi, hata weye walikufanyia." Ni kweli, walitufanyia. Ndiyo sababu sisi tulipaswa kujua.

Kiisha kusoma, tulikaa siku mbili bila kumwita. Siku ya tatu tulimukuta ku robine, tukamwambia: "Mdogo, lete ile ndoo, leo tunakubebea sisi." Aliogopa, alifikiri ni mtego. Alishika ndoo na mikono miwili. Tulimwomba msamaha. Alijibu tu: "Ndiyo, yaya," akiangalia chini. Kama alitusamehe, mpaka leo hatujui. Lakini juma lililopita alikuja ku mlango wetu, akauliza kama kitabu kile ni kigumu. Tulimupatia. Iko kwake sasa, mwenye kukitaka amwombe yeye, kwa heshima.

Ndugu finalisti wenzetu, haya ya mgeni si ujinga. Ni mtu anayechunguza pahali mbele ya kukanyaga. Camara Laye alikuwa vile, na macho yale yaliyochunguza ndiyo yaliyoandika kitabu. Mwishoni yuko ndani ya ndege kwenda Ufaransa, machozi yanamutoka, na mfukoni mkono wake unagusa karta ya metro ya Paris. Ni mgeni tena. Sisi vilevile, kiisha Examen d'Etat, tutafika pahali pengine na sanduku zetu, hatutajua mtu. Tutatafuta mmoja tu wa kutuonyesha robine iko wapi.

Basi, tangu leo, katika dortwari yetu kila mtu anajiletea maji yake. Neno hili halikutoka kwa Bwana Prefe, limetoka kwa kapita. Na mtu akiona kapita analivunja, amwambie mbele ya wote.

Ni sisi, kapita wenu.