Mchungwa wa Mpangaji

Nyumba tuliyopanga mjini Tanga ilikuwa na ua mdogo, hatua sita kwa nne. Siku ya kwanza mwenye nyumba alinionya: "Mboga pandeni mpendavyo, lakini mti msipande." Sikushangaa. Kwetu apandaye mti huonekana anadai ardhi, na mpangaji hana ardhi ya kudai. Lakini mama yangu, aliyeacha shamba lake akaja kukaa nasi, kila asubuhi aliutazama ua ule mtupu, akanyamaza.

Basi Jumamosi moja nilipanda gari kwenda Muheza, mwendo usiotimia kilomita 50. Ukiisha kupita mashamba ya mkonge, waanza kuona matenga ya machungwa kando ya barabara, na nyuma yake milima ya Usambara ya Mashariki. Wachuuzi huyakimbilia madirisha ya magari, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo matamu.

Karibu na soko nilimkuta mzee mmoja mwenye kitalu cha miche.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shamba lako liko wapi?"

Niliona haya kumjibu kwamba shamba langu ni debe. Hakunicheka. Alichukua mche akanionyesha kovu karibu na shina. "Chini ni mlimau, juu ni mchungwa," akasema. Hupanda mbegu ya limau, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu. Shina likifika unene wa kalamu, hupasua ganda kwa kisu kikali, akapachika jicho la mchungwa uliokwisha kuzaa, akafunga. Jicho likichipua, hukikata kichwa cha mlimau. Mti wa mbegu huweza kukuweka miaka 7 au zaidi ukingoja. Huu huweza kuzaa baada ya miaka 3 hivi.

"Na ufupi?" nikauliza.

"Ufupi hutoka kwa chombo na mkasi. Mizizi ikibanwa na matawi yakipogolewa, mti hauendi juu."

Kisha akanipa masharti. Debe la lita 20 litobolewe chini, maji yasituame. Udongo uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza. Kovu lisifukiwe. Chipukizi litokalo chini ya kovu ling'olewe upesi, maana hilo ni limau, nalo laweza kuushinda mchungwa. Maji yatiwe udongo wa juu ukikauka, na jua lisikosekane. Miaka ikipita, mti uhamishiwe chombo kikubwa zaidi.

Jambo hili si geni duniani. Kule Versailles, Ufaransa, nyumba ya kuhifadhia michungwa ya masandukuni ilijengwa kati ya 1684 na 1686. Hata leo miti ile hutolewa nje wakati wa joto, hurudishwa ndani baridi ikikaribia. Ikiwa mchungwa wa mfalme ulihamishwa kila mwaka, sembuse wa mpangaji?

Nasi tulihamishwa. Mwaka jana mwenye nyumba aliitaka nyumba yake kwa ajili ya mwanawe. Mkokoteni ulipokuja, mama hakukubali kipakiwe kitu chochote kabla ya mti wake. Akatembea kando yake njia nzima, mkono shinani.

Mwaka huu umezaa machungwa 11. Mawili mama alimpelekea yule mwenye nyumba wa zamani.