Eti Hela ya Kuangalia Tu!

Mwambie mtu wa mjini, "Lete elfu hamsini tununue saruji." Atajikuna kichwa, lakini atatoa. Sasa mwambie, "Lete elfu hamsini tumlipe mtu aje aitazame nyumba kwanza." Weee! Atakuona tapeli wa Kariakoo. Kutazama nako kunalipiwa? Macho si tunayo wote?

Msomaji wangu, mimi nimeishia kidato cha nne, uinjinia nausikia tu. Lakini tangu nikae Unguja kwa shangazi yangu, Mji Mkongwe, hiyo hela ya kutazama naiheshimu sana.

Shangazi amepanga ghorofa ya pili kwenye nyumba kongwe. Wapangaji saba, ngazi moja, na kwenye ukuta wa ngazi kulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Akaletwa kijana aliyesomea majengo ya kale. Akaomba alipwe kupima kwanza: achimbue chokaa kidogo aone vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, abandike vipande vya kioo juu ya ufa, halafu arudi baada ya miezi kadhaa. Kioo kikipasuka, maana yake ukuta bado unatembea.

Shangazi akashika kiuno. "Mwanangu, n'kupe pesa uje ubandike vioo, kisha wende zako?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Ikachangwa hela ya saruji, ufa ukasilibwa siku moja, ukuta ukawa mweupe peee! Masika ya pili plasta ikabanduka kama ganda la muhogo. Nyuma yake ufa ulikuwa unaingiza vidole viwili.

Siyo uchawi huo. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa inapumua: ukuta ukinywa mvua, maji yanatoka taratibu. Ukiuvalisha saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inaula ukuta na vichwa vya boriti vinaoza kimyakimya. Kwa nje nyumba inameremeta, kumbe ni mgonjwa aliyepakwa poda.

Kama unadhani haya ni ya wapangaji wenye vijisenti tu, njoo Forodhani nikuonyeshe Beit el Ajaib. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwaka umeme. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, wageni wakafungiwa mlango. Siku ya Krismasi 2020, wakati kazi ya ukarabati inaendelea kwa fedha kutoka Oman, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili wakapoteza maisha.

Ona hapo: fedha zilikuwepo, mafundi walikuwepo. Jengo la kale ni hatari hata siku linapotibiwa. Inabidi ijulikane mapema nguzo ipi imechoka, egemeo liwekwe wapi, na kipi kisiguswe kabla ya kingine. Kujua huko ndiko tunakokuita "kutazama tu".

Tatizo hela yake haina mwenyewe. Mheshimiwa gani umemwona akikata utepe mbele ya ripoti? Picha ya gazetini inataka rangi mbichi, ngoma na vitambaa. Mfadhili naye anataka kibao chenye jina lake mlangoni. Nyufa zilizopimwa vizuri hazipigi picha ya kupendeza.

Lakini pale palipotolewa hela hiyo, matunda tumeyaona. Miaka ya 1990 majengo ya Mji Mkongwe yalihesabiwa, yakapatikana 1,709, na kama robo tatu yakaonekana yamechakaa. Ukatoka mpango wa kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza kwenye Urithi wa Dunia. Huwezi kumwomba mtu dawa wakati hata ugonjwa hujautaja.

Najua utaniambia, "Acha zako, hela za utafiti zinaishia kwenye semina, posho na soda, ripoti inalala kabatini." Hapo umenipata, bwana, ni kweli. Ndiyo maana nasema ripoti iandikwe kwa Kiswahili, kurasa chache, ibandikwe mlangoni mwa nyumba yenyewe: hapa pabovu, hapa pasubiri, kazi hii bei hii. Wapangaji wakishaisoma, mjanja wa kuuza saruji isiyohitajika atapita njia nyingine. Na mfadhili wa kweli, badala ya kutoa zote kwenye rangi, atenge fungu la kupima kabla fundi hajapandisha jukwaa.

Na nyie vijana wenzangu mnaolalamika hakuna ajira, si lazima wote tugombanie watalii kule ufukweni. Kuchora nyumba, kupima nyufa na kuijua chokaa ni kazi ya mtu, na wazee wanaoijua wanazidi kupungua.

Kwa leo nashauri hivi: kabla hujamwita mwenye ndoo ya saruji, mwite mwenye kurunzi. Mlipe chake. Na soda baridi juu, hatakula hasara yako.