Bampa la Mathe

Mwezi wa nane mwaka juzi nilikaa siku tatu kwenye kigoda, nikisugua bampa la gari kwa foili ya kufungia chapati. Vidole vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Majirani wetu wa Nakuru walipita langoni wakicheka: kijana wa Nairobi amekuja kuosha kobe.

Kobe ni Volkswagen Beetle ya mathe, 1300 ya mwaka 1970. Aliinunua ikiwa tayari imetumika, alipokuwa akifundisha shule ya msingi Mombasa, na ndiyo iliyotupeleka kliniki, kanisani na kwenye mazishi yote ya ukoo. Wazee wa mtaa wakiiona hawakosi kukukumbusha kwamba Beetle ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962. Mathe huwajibu kwamba yake ilishinda barabara ya Mombasa ikiwa na watoto watatu wanaotapika kiti cha nyuma.

Sasa ilikuwa inauzwa. Siste yangu mdogo alikuwa amepata nafasi chuoni, karo ilikuwa imekwama, na pensheni ya mwalimu sote tunaijua. Jamaa mmoja wa Nairobi aliona picha nilizotuma, akasema atatoa laki tatu na nusu, bora kromu iwe safi. Kuisafisha ikawa kazi yangu, kifungua mimba.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba si kila kinachong'aa kwenye gari ni kromu. Fundi mmoja wa Grogan aliniambia kwa simu nichukue sumaku. Kwenye bampa ilishika. Kwenye ile mistari ya ubavuni iliteleza ikaanguka: hiyo ni alumini. Alumini hiyo ina ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani. Ukiisugua kwa dawa kali unaichubua, na ikichubuka huwezi kuirudisha kwa kitambaa. Kwa hivyo hiyo niliiosha kwa maji na sabuni tu, nikaiacha na ukungu wake.

Bampa ndilo lilikuwa na shida. Miaka kumi na minne ya hewa ya chumvi ya Mombasa ilikuwa imelitoboa vitundu vidogo vidogo vya rangi ya chai. Unakunja foili, unaichovya kwenye maji, unasugua polepole. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hivyo haiikwaruzi, lakini kutu inatoka. Maji yanageuka uji wa kijivu. Unafuta, unaona uso wako. Walai, mara ya kwanza nilipojiona pale nilipiga kelele nikamwita mathe atoke.

Alitoka, akatazama, akasema, "Vizuri," kisha akarudi kuchagua mchele wake.

Siku ya pili nilifika kona ya kushoto. Hapo kromu yenyewe ilikuwa imeisha. Mahali pengine paling'aa kwa umanjano kidogo, na fundi akaniambia hiyo ni nikeli. Ndipo nilipoelewa: kromu unayoiona ni utando tu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Kazi kubwa ya kung'aa na kuzuia kutu hufanywa na nikeli iliyo chini yake. Nikeli ikitoboka, maji hufika kwenye chuma, na kutu huanzia huko chini ikipanda. Unachosugua juu ni doa. Tundu linabaki. Mvua mbili tatu, doa limerudi.

Dawa ya kweli ni moja: bampa livuliwe, lipelekwe kuchovywa upya. Wanaondoa kromu na nikeli ya zamani, wanasaga chuma hadi kiwe laini, kisha wanalitumbukiza kwenye matangi ya dawa yenye umeme, nikeli kwanza, kromu mwisho. Si kazi ya kufanyia nyuma ya nyumba, maana asidi ya kromu ni sumu inayoleta saratani. Nilipiga simu Industrial Area. Mabampa mawili, elfu arobaini, wiki tatu. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya siku tisa.

Nikanunua kopo la rangi ya fedha ya kupuliza.

Ukisimama hatua tatu, huwezi kujua. Nilipiga picha jioni jua likiwa chini, nikamtumia jamaa. Akajibu, "Moto sana! Nakuja Jumamosi."

Jumamosi asubuhi mathe alitoka na kikombe cha chai, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akapitisha ukucha kwenye ile kona. Rangi ikatoka kama ganda la kitunguu.

Nilianza kujitetea. Nilimwambia ni biashara, kila msee hufanya hivi, na hata akigundua atakuwa ashafika Nairobi. Hakunikemea. Aliniuliza, "Hii rangi inaficha pesa ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Na huyo kijana ana umri gani?"

Nikasema sijui, labda kama mimi.

"Basi ni mtoto wa mtu," akasema. "Mwonyeshe."

Nilikasirika, sitadanganya. Karo ilikuwa imemkosa mtoto wa nani? Nilifuta ile rangi kwa thina huku nikinung'unika, naye akikaa barazani akinywa chai yake kana kwamba hasikii.

Jamaa alifika saa sita. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye ile kona. Nikamwambia hata picha niliyomtumia ilikuwa na rangi ya kopo. Alinyamaza muda mrefu, nikajua ameenda. Kisha akasema laki tatu na elfu kumi, bampa atalichovya mwenyewe. Mathe alimpa mkono kabla sijafungua mdomo.

Elfu arobaini zilizopungua nilizikopa kwa simu, nikazilipa hadi Desemba, na kuna miezi nilikula githeri hadi nikaichukia. Siste alifungua chuo na wenzake. Watu hupenda kusema uaminifu unalipa. Kwetu mlipaji nilikuwa mimi.

Februari jamaa alinitumia picha. Kobe imesimama mbele ya ghorofa fulani, bampa jipya linaonyesha mawingu. Nilipoenda nyumbani nilimpa mathe simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaenda kwenye kona ya kushoto, akaitazama sana.

"Wamefanya kazi safi," akasema. Kisha akaniuliza kama nilimwambia yule kijana asiisugue alumini kwa dawa kali.

Nilikuwa sijamwambia. Nikampigia pale pale, mathe akisikiliza.