Duka la Kamba na Barabara ya Garsen

Mpwa wangu, aliyenunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kwa ajili ya safari zake za Lamu, alinionyesha majuzi picha ya winchi ya umeme aliyoitamani, na alipokwisha kuisifu nikamwuliza shakeli atakayofungia itahimili tani ngapi, akanijibu, "Mjomba, shakeli si shakeli tu?" Jawabu hilo limenikera, si kwa sababu kijana hajui, bali kwa kuwa walikuwapo Mombasa watu ambao mbele yao kauli kama hiyo isingetamkwa, nao wametoweka pamoja na maduka yao.

Duka ninalolikumbuka lilikuwa Mji wa Kale, katika kichochoro kinachoteremkia Bandari ya Kale, na ukiingia kutoka juani kilichokupokea kwanza ni harufu: katani, lami, mafuta ya sifa yanayopakwa mbao za majahazi, na juu ya hayo yote udi aliouchoma mwenyewe kila asubuhi. Alikuwa mzee wa maneno machache, aliyewauzia manahodha amari na jarari, na malori na Landrova zilipozidi akawauzia madereva kwa hadhari ile ile. Hakuuza kabla ya kuuliza: gari pamoja na shehena yake lina uzito kadiri gani, na hukwama wapi, mchangani au topeni? Ukijibu ovyo alikukalisha, ukanywa kahawa mpaka ukumbuke. Kisha aliitwaa shakeli, akaigeuza mwangani, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya alama zilizogongwa ubavuni mwake, akaufungua msumari wake kwa vidole viwili na kuurudisha. Msumari ukisita njiani, shakeli hiyo ilitupwa katika debe chini ya meza, na kilichoingia debeni hakikuuzwa tena kwa thamani yoyote.

Landrova ya marehemu baba ilikuwa na winchi ya ngoma iliyosimama wima mbele, ikizungushwa na injini yenyewe. Nilidhani ilifungwa 1967. Daftari la gari lasema 1969. Na iwe hivyo. Kamba ya manila ilizungushwa mara tatu au nne juu ya ngoma, na utingo akaishika ncha ya nyuma akiivuta. Akilegeza, ngoma huzunguka bure na gari hutulia, hata ikawa habari zote za mzigo zilimfikia mtu viganjani mwake. Ndani mlikuwa na pini iliyokusudiwa kukatika yenyewe mzigo ukizidi. Nguvu yake ilikuwa ratili 3,000, yapata kilo 1,360, nayo haikutosha katika udongo mweusi wa baina ya Garsen na Witu masika yakishika. Kwa hiyo tulipitisha kamba katika kapi lililofungwa mtini, gome likiwa limefunikwa gunia, na kuirudisha garini, nguvu ikakaribia kuongezeka maradufu na mwendo ukapungua nusu. Kamba ilipoelemewa ililia, na kila mtu akarudi nyuma.

Baadaye ikaja winchi ya mkono iitwayo Tirfor, ya kuchosha mabega lakini amini. Ikaja winchi ya umeme yenye waya wa chuma, ambao ukikatika hurudi kwa kasi ya kuua, ndiyo maana hutandikwa blanketi juu yake. Ikaja kamba ya nyuzi za kutengenezwa, nyepesi na isiyochoma mikono, ila huliwa na jua, mchanga na joto la breki iliyomo ndani ya ngoma. Barabara nayo imetiwa lami.

Siku hizi swali ni moja, winchi ina nguvu kiasi gani, na hata hilo huulizwa nusu. Hesabu ya kawaida ni uzito wa gari na shehena yake mara moja na nusu: gari la kilo 2,800 lataka winchi isiyopungua kilo 4,200. Lakini nambari iliyoandikwa ni ya tabaka la kwanza la kamba juu ya ngoma, na kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu hiyo. Shakeli njema ya robo tatu ya inchi hugongwa muhuri wa tani 4.75, uzito wa kufanyia kazi, na aghalabu huvunjika kwa mara sita ya huo. Lakini sokoni nimeona marundo ya shakeli zinazong'aa zisizo na alama hata moja, zikiuzwa kando ya ndoo na majembe. Nimeona pia watu wakifunga mkanda wa kuvutia kwenye kitufe cha kukokotea tela, chuma ambacho hakikutengenezwa kwa mishtuko ya namna hiyo, na kikikatika huruka kama risasi.

Nimemwambia mpwa wangu anunue kwanza shakeli zenye muhuri, mkanda wa mti na kapi, na afungishe vituo madhubuti vya kuvutia kwenye chasisi. Winchi itakuja mwezi ujao, kwa fedha zitakazobaki.